Kura Moja ya Zambarau

Kumasi, 14 Desemba 1957
Leo ni miaka miwili, mwezi mmoja na siku tatu tangu niondoke.

Kwa mtumwa wangu Sumana, fundi wa suruali zinazochanika makalioni,

Mimi bwana wako, mtoto wa mjomba, ni mzima. Shingo tu ndiyo imezidi kuingia ndani. Shangazi mama yako akiniona leo atasema nimefupika. Ni msimu wa kakao. Tunashusha magunia kwenye malori na kuyapakia kwenye mabehewa, na kila gunia lina uzito wa mtu mzima aliyegoma kwenda. Nyapara wetu, Haruna, naye ni mtu wa kwetu lakini amekaa hapa hadi amesahau ladha ya uwele. Anatuita "wanangu" asubuhi, na mchana anatuita majina mengine.

Dereva wa lori la vitunguu ametuletea habari, nasi tumeruka kama wendawazimu. Anasema chama chetu cha Umoja wa Wanyonge sasa kiko serikalini, kwamba watu wetu wamekaa kwenye viti vya Niamey. Sumana! Unakumbuka tulikuwa saba tu ndani ya kibanda chako, na bendera uliishona kwa mabaki ya kanzu ya harusi ya mtu, na ulipoiinua kifungo kilikuwa bado kinaning'inia? Tulitaka kitu kimoja tu: asiwepo mtu wa kulima shamba la chifu bure wakati lake mwenyewe linaliwa na magugu. Watu walisema tutakufa gerezani. Leo nasikia chifu Zaku mwenyewe ameomba kujiunga. Ni kweli?

Niambie yote, wala usiongeze chumvi. Ninyi watoto wa shangazi hamkujaliwa kusema kweli.

Mwambie dada yangu Bibata kwamba ninamwonea huruma kuolewa na mtumwa. Nitarudi kabla ya mvua za kwanza.

Bwana wako,
Munkaila Gado


Tondikara, 20 Februari 1958

Kwa mtumwa mtoro Munkaila,

Bwana wako nimepokea barua. Mwandiko wako bado unatembea kama kuku mgonjwa. Mwalimu alitufukuza pamoja darasa la tatu, lakini ni wazi alikufukuza wewe kwanza.

Ni kweli, chifu amejiunga. Alikuja na farasi wanne na mpiga ngoma. Tulimtandikia mkeka, nikatoa daftari na kadi. Akauliza, "Namba moja ni ya nani?"

Nikasema, "Yangu, Amiru. Mimi ndiye katibu."

"Kwa hiyo wewe umekaa mbele yangu?"

"Kwenye kadi tu, Amiru. Kwenye mkeka nimekaa nyuma."

Watu wakacheka, naye akacheka, ila meno tu. Mjumbe wa chama aliyetoka mjini akaninong'oneza, "Mpe, bwana. Namba ni namba tu. Huyu akija, kantoni nzima anayoitawala inakuja." Nikampa. Sasa mimi ni namba sitini na moja. Bibata anasema hata unene nimepungua.

Wanachama tumefika mia tatu na arobaini. Ungeona mkutano wa Ijumaa ungelia. Wazee waliokuwa wakipita mbali na kibanda changu sasa wananitumia vitoweo. Ila kuna jambo moja. Siku za shamba la chifu zipo bado. Tulipouliza, akasema lile sasa ni shamba la chama, na anayekataa kulima amekataa chama. Tumelima. Tuliimba wimbo wetu tukilima, nikajiona mjinga, lakini niliimba.

Rudi, Munkaila. Mimi ni mtu wa sindano. Wewe ndiye uliyekuwa unajua kusema na wakubwa bila kutetemeka. Bibata anasema paa la nyumba yako limekaliwa na popo, na anataka kujua kama umeoa huko mke mwenye mabega.

Bwana wako wa haki,
Sumana Kimba


Kumasi, 8 Juni 1958

Kwa mtumwa namba sitini na moja,

Mvua zimenyesha na mimi sijaja. Najua. Usinianze.

Kuna kazi ya chama hapa. Tawi letu la Kumasi lina nguvu, hamali arobaini na wauza nguo kadhaa, na wakiniona tu wananiuliza habari za nyumbani. Nikiondoka nani atawashika? Nitakuja baada ya mavuno yenu.

Lakini kadi, Sumana! Uliitoaje kadi namba moja? Ukimwachia mtu wa namna ile kidole, kesho atakudai bega. Na hilo shamba la chama! Mnalima bure kama zamani, sasa kwa kuimba. Mimi kadi yangu iko kifuani, na jasho limeila pembe zote, lakini haitoki. Nasema hivi si kwa kujisifu. Nasema ili ujue kwamba hata aliye mbali ameshika.

Mjumbe wa mjini akija tena mwambie Munkaila amesema yeye ni mbuzi.

Salamu kwa Bibata. Sijaoa. Nani atanitaka, nimebaki kichwa na miguu.

Bwana wako,
Munkaila


Tondikara, 24 Agosti 1958

Kwa bwana wangu mwenye shingo fupi,

Leo nakuita bwana. Furahi, hutalisikia tena.

Chama kimekatika vipande kama kitambaa kibovu, kila ukishona hapa kinachanika pale. Wafaransa wanataka tupige kura tarehe 28 Septemba. Anayetaka tubaki nao atatia karatasi nyeupe. Anayetaka tujitoe leo leo atatia ya zambarau. Wakubwa wa chama Niamey wamesema zambarau. Wiki hiyo hiyo machifu wote wakajitoa chamani. Zaku alirudi na farasi wake wanne, akairusha ile kadi namba moja kwenye vumbi mbele ya kibanda changu. Mpiga ngoma aliikanyaga kwa bahati mbaya, akaniomba radhi, maskini.

Mjumbe wa mjini ameanzisha chama chake na anasema nyeupe. Vijana wa ushirika wa karanga wanasema zambarau. Wazee walioniletea vitoweo wamepita mbali tena. Kati ya wale saba wa kwanza, wanne wako kwa Zaku, mmoja amekimbilia kwa wakwe zake, mmoja ni wewe, uko huko unabeba magunia. Hesabu aliyebaki.

Sasa sikiliza walivyopanga. Kila mpiga kura anapewa karatasi zote mbili na bahasha. Anatia moja ndani, moja inabaki mkononi. Mlangoni atakuwa amekaa mtu wa chifu na kibuyu kilichokatwa, na kila atokaye atatia humo karatasi iliyobaki. Ukitia ya zambarau kibuyuni, umekuwa mtu mzuri. Ukitia nyeupe, basi wamekujua. Zaku amesema hadharani, "Kibuyu changu kikiingia doa jeupe nitajua ni la nani, na shamba lake nitajua la kulifanyia."

Kwa hiyo, bwana wangu, mkubwa wa nyumba, mimi mtumwa wako naomba ruhusa. Niruhusu niwe mwoga siku moja tu. Jumapili, asubuhi hadi mchana. Jioni nitakuwa shujaa tena, nitakushonea hata bendera mpya. Au la, nitandikie mkeka huko Kumasi na unisokotee kata ya kichwani, nije nibebe magunia pamoja nawe, Bibata akae nyuma anatupigia makofi.

Jibu upesi. Madereva wanachelewa siku hizi.

Sumana


Kumasi, 9 Septemba 1958

Kwa mtumwa anayeomba likizo ya uoga,

Barua yako nimeisoma kwa sauti pale kwenye ghala, na hamali wote wamelala chini kwa kucheka. "Niwe mwoga Jumapili asubuhi hadi mchana!" Mmoja bado analirudia kila akiinua gunia. Haruna naye alicheka hadi akasahau kututukana. Mungu akupe umri, mtoto wa shangazi. Ungekuwa hapa tusingechoka.

Ruhusa hakuna! Lini mtumwa alipewa likizo? Tia zambarau, na hiyo nyeupe mpe mtu wa kibuyu mkononi, mwambie Munkaila Gado anakusalimu. Watakufanya nini? Zaku ni mtu mmoja na farasi wanne. Na ukitia nyeupe, nakuapia, nakuja kumchukua dada yangu Bibata. Nitamwoza kwa mtu mwenye uti wa mgongo, hata akiwa kiwete.

Sisi hapa tumesimama kama mti. Tunaisubiri habari njema.

Bwana wako asiyetoa ruhusa,
Munkaila


Tondikara, 1 Oktoba 1958

Kwa kaka Munkaila Gado,

Salamu. Sisi wazima.

Nimefanya ulivyosema. Nilitia zambarau kwenye bahasha. Nilipotoka nilimpa mtu wa kibuyu karatasi nyeupe mkononi. Alidhani nimekosea. Aliniambia polepole, "Fundi, rudi ndani ubadilishe, nitafunga macho." Ni mtu mwema. Nikamwambia sijakosea. Sikutaja jina lako.

Walipohesabu walisema Tondikara ni mia nne na mbili nyeupe, zambarau moja. Hata vijana wa ushirika wa karanga walitia nyeupe. Watu waligeuka kunitazama wote kwa pamoja. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Usimchukue Bibata. Watoto bado wadogo.

Sumana Kimba


Kumasi, 22 Oktoba 1958

Sumana,

Barua yako imenifikia leo.

Ilikuwa utani! Wewe na mimi, lini tumesema neno lisilokuwa utani? Ulipochumbia, si nilisema nitamwoza kwa punda? Nilipoondoka, si ulisema utauza nyumba yangu kwa popo? Nani anamchukua dada yake kwa mumewe kwa sababu ya karatasi? Nilidhani nawe unatania. Nilidhani umekwishaamua na unanichekesha tu mtu niliyechoka.

Nenda kwa chifu leo. Mwambie ulikosea rangi, mwambie macho ya fundi yameharibika kwa uzi. Mwambie lolote. Nakupa ruhusa, Sumana, ya Jumapili hiyo na zote zijazo.

Nijibu. Hata matusi mawili tu, nijue umepata.

Munkaila


Tondikara, 17 Desemba 1958

Kwa kaka yangu Munkaila,

Mimi Bibata nasema, na Ide mganga wa zahanati anaandika. Ananiambia niseme taratibu. Ide ni mgeni hapa, hana shamba, kwa hiyo haogopi.

Kaka, mume wangu amefariki tarehe 9 Novemba. Barua yako ya kusema ilikuwa utani ilifika baada ya siku tatu. Ide alinisomea. Nilimwomba asome tena. Alisoma tena.

Nitakueleza ilivyokuwa kwa sababu watu watakueleza vingine. Siku ya tano baada ya kura walikuja askari wawili wa kantoni. Walisema ameitukana kura. Sumana aliwauliza, "Kura inatukanwaje? Ina mama?" Mmoja alicheka. Wakampeleka kuchimba barabara kwenye mawe, nikawa ninapeleka chakula kwa miguu. Mara ya kwanza alikula. Mara ya pili alisema nimpe mwenzake. Walimrudisha juu ya punda, tumbo likiendesha damu, na Ide alikuwa na vidonge sita tu. Vidonge viliisha kabla yake.

Hakukulaumu. Naomba uelewe hilo, kwa sababu mimi ninakulaumu. Barua yako ya Septemba ilipofika nilimwambia, "Munkaila anatania, mjue ndugu yako." Akaniambia, "Alikuwa anatania. Sasa amekaa miaka mitatu na watu wa siasa, anashika tawi zima, kadi imemuozea kifuani hakuitoa. Mtu kama huyo hatanii." Alisema, "Kama yeye ameweza kule ugenini peke yake, mimi nashindwaje hapa kwangu?" Aliisoma ile barua yako ya kadi mara nyingi hadi ikakatika kwenye mkunjo. Aliishona kwa uzi.

Mazishini watu walikuja wachache. Unajua ilivyo desturi, watani wa maiti hulala kaburini, huzuia maiti isishuke hadi walipwe, hutukana, watu hucheka wakilia. Hakuna mtani aliyethubutu. Alishuka kimya kama mtu asiye na kabila. Mtani wake wa kweli ni wewe, na wewe hukuwepo.

Sasa jambo la walio hai. Zaku amechukua shamba. Hajampa mtu bado. Amesema atalirudisha kwangu na wanangu wawili kwa sharti moja: mwanamume wa nyumba hii aje barazani siku ya Ijumaa, avue kilemba, akae chini, aseme mbele ya watu kwamba nyumba yake ilikosea na kwamba chama kilikuwa kazi ya wapumbavu. Sumana aliambiwa hayo kule barabarani, naye alikataa. Mwanamume aliyebaki ni wewe. Lisipofanyika kabla watu hawajaanza kusafisha mashamba, shamba atapewa mpiga ngoma.

Sikuombi uje. Sijui kama wewe, na chama chako, unaweza kusema maneno hayo. Nakuarifu tu, ili usije ukasema hukuambiwa.

Bibata Gado


Kumasi, 6 Januari 1959
Ni miaka mitatu na karibu miezi miwili tangu niondoke.

Kwa dada yangu Bibata,

Ide, tafadhali msomee yote. Usiruke hata mstari.

Dada, sina chama. Sijakuwa nacho tangu mwezi wa tano mwaka jana. Kabla ya mvua zile nilizoahidi kuja nisije, Haruna alitukusanya ghalani akasema, "Wanangu, nchi hii sasa ina wenyewe. Mgeni hana siasa hapa. Wameanza kuwarudisha watu kwao kwa malori. Anayetaka kazi alete kadi yake, anayetaka siasa achukue mkeka wake." Alishika debe. Tulikuwa kumi na wanane, si arobaini. Tulijipanga mstari. Mtu wa kwanza alikuwa mzee, alilia. Mimi nilikuwa wa nne. Sikulia, nilitia kadi kwenye debe, nikaenda kubeba magunia. Wakati ninamwandikia Sumana kwamba kadi iko kifuani, ilikuwa imekwisha kuwa majivu chini ya birika la chai ya Haruna.

Kwa nini niliandika vile? Nimejiuliza. Huku mimi ni kichwa cha kuwekea mzigo. Katika barua za Sumana nilikuwa mtu. Yeye alidhani mimi ni jasiri, na mimi nikisoma barua zake nilijiona hivyo kwa muda wa kusoma. Sikutaka kuipoteza hiyo.

Na barua yake ya kuomba ruhusa. Nilikuambieni nilidhani ni utani. Walicheka kweli ghalani, nami nilicheka. Lakini nilipofika pale aliposema "jibu upesi", nilijifanya nimepaliwa ili wasilisikie. Nilijua, Bibata. Si kwa kichwa chote, lakini nilijua. Kama si utani, ilinibidi nimjibu mtu mzima mwenye hofu, na kumjibu kulitaka nimwambie kwamba hofu hiyo mimi ilinishinda kwa jambo dogo zaidi, na kwamba hakuna aliyenishikia kibuyu mlangoni. Ilikuwa rahisi kucheka. Kwetu mtani akicheka hakuna anayemdai kitu.

Huyo ambaye ulimtazama Sumana akiishona barua yake kwa uzi hakuwepo. Sumana alimfuata mtu ambaye hayupo.

Nimekaa siku tatu nikisubiri hasira inijie, ile ya kunifanya nimkatalie Zaku. Haikuja. Waliotufundisha chama sasa wana vyama vitano. Dereva wa vitunguu anasema wawili kati yao wanarushiana mawe sokoni, na mjumbe yule amepewa gari. Wakubwa wamekimbia nchi. Haruna anasema, "Niliwaambia." Sijui tena kama tulikosea mwanzo au mwisho. Najua tulikuwa saba, na aliyekuwa anaogopa kuliko wote ndiye peke yake aliyeshika.

Kwa hiyo umeuliza kama naweza kusema maneno yale. Naweza. Kwangu ni mepesi, na hilo ndilo linaloniumiza. Nitavua kilemba, nitakaa chini, nitasema nyumba yetu ilikosea. Nikimaliza, Zaku akiniruhusu kuinuka, nitasema jambo moja ambalo hakuniomba: kwamba zambarau ile moja ilikuwa ya Sumana Kimba peke yake, si ya mwingine, wala si yangu. Hilo anaweza kunipiga kwalo, lakini shamba atakuwa amekwisha kutamka mbele ya watu kwamba ni lenu.

Usinitandikie mkeka nyumbani kwako. Nitalala kwangu na popo. Kama wanao hawataki kuniona, waache.

Kakao inakwisha mwezi huu. Lori la vitunguu linaondoka tarehe 3 Februari. Nitashuka njia panda ya Tondikara Jumatano tarehe 11, na Ijumaa tarehe 13, baada ya sala, nitakuwa barazani.

Kaka yako,
Munkaila Gado